Uvimbe Nadra wa Meneja

Jumatatu, 3 Juni

Mwalimu wa Baiolojia ametangaza leo. Maonyesho ya sayansi ni Jumamosi. Jaji ni daktari wa mifugo mwenyewe, yule mwenye kliniki karibu na kituo cha mafuta. Mshindi atafanya kazi kwake likizo nzima. Nafasi moja tu!

Nimeitaka nafasi hiyo tangu nikiwa na miaka saba. Binamu ameitaka tangu saa nne asubuhi ya leo.

Binamu anaishi kwetu, tuko darasa moja, na ana kipaji kimoja: mdomo. Mbwa anawaogopa hata wa kwenye kalenda. Lakini mradi anao. Mayai kumi na mawili, ndani ya boksi, chini ya balbu. Aliyaweka kwa mchezo mwezi uliopita. Leo mchezo umegeuka sayansi, na darasa zima lilikuja kwetu kuchungulia boksi. Mama akalazimika kuwapa maji ya kunywa.

Mimi sina mradi. Nina vitabu. Shuleni naitwa Tanbihi. Aliyenibandika jina hilo ni Binamu, eti kwa sababu naongea kwa herufi ndogo, chini kabisa ya ukurasa, na hakuna anayenisoma.

Jioni nilikwenda maktaba. Nikakuta kitabu kinene cha magonjwa ya mbwa ambacho hakijaazimwa tangu kabla sijazaliwa. Ukurasa wa 212! Kumbe mwilini kuna majimaji yanaitwa limfu, nayo yana mishipa yake, mbali na ile ya damu. Mbwa mmoja mmoja huzaliwa mishipa hiyo ikiwa na kasoro. Majimaji yanakwama, mguu unavimba, mara nyingi wa nyuma. Hauumi. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Kitabu kinasema ugonjwa huu ni nadra.

Nadra! Nililisema neno hilo njia nzima mpaka nyumbani.

Ninachohitaji sasa ni mgonjwa.


Jumanne, 4 Juni

Nimekagua mbwa saba baada ya masomo. Wote wazima. Wana afya ya kuudhi. Mbwa wa mlinzi wa shule alinifukuza mpaka kwenye mtaro, na huku nakimbia niliweza kuona kwamba miguu yake yote minne iko sawasawa kabisa.

Nikakata tamaa. Nikapita kwa Babu Fundi, jirani yetu, nimsalimie tu. Babu Fundi ni fundi cherehani. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita na tangu hapo anaishi na Meneja. Meneja ni mbwa. Ana manyoya marefu ya rangi ya chai, analala chini ya cherehani juu ya vipande vya vitambaa, na jina amelipata kwa sababu hafanyi kazi yoyote na anakagua kila anayeingia.

Nikaomba nimpime miguu. Babu Fundi akacheka, akasema mteja wa leo nywele nyingi, suruali itamwasha. Lakini akanipa tepu. Nikapima mguu wa nyuma wa kushoto: inchi tano na nusu. Wa kulia sikuufikia, ulikuwa upande wa ukutani, kwa hiyo akapima yeye mwenyewe. Akaita kwa sauti, kama anavyoita vipimo vya wateja: sita!

Sita!

Nikamwomba apime tena. Sita. Akasema amepima watu miaka arobaini na hajawahi kurudishiwa nguo. Hilo kweli, mtaa mzima unalijua.

Tofauti ya nusu inchi. Mguu wa nyuma. Hauumi.

Kitabu cha sayansi cha kidato cha kwanza kinasisitiza kwamba kipimo kichukuliwe mahali palepale kila mara. Kwa hiyo nilichukua kipande cha lastiki kwenye kikapu cha Babu Fundi, nikakifunga juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kulia, ndani ya manyoya. Kiwe alama. Nikakikaza vizuri kisiteleze. Mguu wa kushoto sikuufunga. Huo ni mzima, hauna la kutuambia.

Nimekuwa mwanasayansi.


Jumatano, 5 Juni

Babu Fundi amepima: sita na robo. Umeongezeka!

Nilimweleza jina la ugonjwa. Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kimto chake, ndipo akauliza dawa yake nini. Nikasema kitabu kinasema hauponi, unatunzwa tu. Akauliza unatunzwaje. Nikasema sijui, ukurasa wa 213 umechanwa.

Meneja anajilamba mguu bila kupumzika. Hilo kitabuni halimo. Nimeandika: dalili mpya, huenda haijawahi kugunduliwa.

Wakati wa chakula nilimweleza Mama. Binamu akadakia kwamba ugonjwa wa Meneja anaujua, unaitwa unene. Nikamjibu kwamba yeye anaangalia mayai siku ishirini sasa na hata yai lenyewe halijamjali. Nilimjibu kimoyomoyo, lakini kwa ukali sana.


Alhamisi, 6 Juni

Sita na robo tatu!

Halafu kipimo kikuu. Nilibonyeza unyayo kwa kidole gumba nikahesabu mpaka thelathini. Nikatoa kidole. Shimo likabaki! Shimo zuri, la duara, kama la kidole kwenye unga uliokandwa. Sawasawa na ukurasa wa 212. Nikapiga makofi. Meneja akanitazama. Babu Fundi naye akanitazama.

Akaniuliza kama mwenzake anakufa.

Nikasema, Babu, ugonjwa huu ni nadra. Akauliza nadra ndiyo nini, ndiyo unaua? Nikasema hapana, maana yake unaonekana kwa mbwa wachache sana duniani. Kisha akasema: “Sasa mjukuu wangu, mbwa wote wamejaa hapa mtaani, kwa nini umekuja kuuonea kwangu?”

Nimeliandika swali hilo kwenye daftari, chini ya “Mambo ya kuchunguza.”

Hajashona leo. Sare za kwaya zimelundikana mezani, na mwenyekiti wa kwaya alikuja akakuta mlango umefunguliwa nusu. Babu Fundi alimwambia arudi wiki ijayo, ana mgonjwa ndani. Nyama yote ya mchana amempa Meneja. Meneja alikula nusu. Siku zote hata sahani huwa haimponi.

Anatembea kwa miguu mitatu sasa. Ule wa nne anauning’iniza. Lakini kitabu kinasema hauumi, kwa hiyo hauumi.

Mama ameuliza kwa nini mbwa hapelekwi kliniki. Nikamweleza kwamba takwimu za siku tatu hazitoshi, na kwamba Daktari akimwona kabla ya Jumamosi hakutakuwa na mshangao. Mama akasema mbwa akiumwa anapelekwa kwa daktari, hapelekwi kwenye daftari. Mama hajasoma sayansi.

Ukweli ni kwamba nilipita kliniki leo. Mara tatu. Kila nikifika mlangoni miguu inapata shughuli nyingine.


Ijumaa, 7 Juni

Saba na nusu. Vidole vya Meneja ni vya baridi. Nimeandika: vidole baridi, dalili mpya ya pili. Jedwali langu limejaa kurasa mbili, nimelichora kwa wino wa rangi tatu. Mstari unapanda kama ngazi. Sijawahi kuchora kitu kizuri hivi maishani mwangu.

Mbinu ya leo: barua. Nimemwandikia Daktari kumwomba kwa heshima na taadhima aje kesho akiwa amejiandaa, maana ataonyeshwa ugonjwa ambao pengine ameusoma tu. Nilikusudia kuisukuma chini ya mlango nikimbie. Mlango ulikuwa wazi. Dada wa mapokezi akaniona nimepiga magoti kizingitini.

Akaipokea. Akauliza kama mbwa wangu anaumwa. “Mlete sasa hivi, mdogo wangu, Daktari yupo tu amekaa, hana mtu.” Nikasema si mgonjwa, ni mradi. Akasema hajanisikia. Nikarudia. Akasema bado. Mara ya tatu nikasema nikiwa tayari niko barabarani.

Narudi, nikasikia Babu Fundi anaongea dukani. Nikadhani ana mteja. Nikachungulia. Alikuwa amekaa sakafuni juu ya vipande vya vitambaa, kichwa cha Meneja pajani, anamweleza habari ndefu yenye jina la marehemu mkewe. Niliondoka kwa ncha za vidole. Yale hayakuwa takwimu.

Sijala vizuri. Ni wasiwasi wa kesho, nadhani.

Binamu naye ana msiba wake. Balbu iliungua usiku na mayai yakapoa kwa saa nzima. Amebadilisha balbu na ameyaimbia. Nimesikitika kidogo. Kidogo sana.


Jumamosi, 8 Juni

Naandika kwa kifupi. Sitaki kuandika.

Babu Fundi alimbeba Meneja mikononi mpaka shuleni. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alimlaza mezani kwangu juu ya kitambaa cha satini, kipande kilichobaki kwenye gauni la bi arusi fulani, akasimama pembeni na mikono nyuma kama mtu anayesubiri hukumu.

Meza ya Binamu ilikuwa inatazamana na yangu. Mayai kumi na mawili, kimya. Yeye alikuwa anaongea kwa niaba yao.

Daktari akaja. Mtu mrefu, mpole, kalamu tatu mfukoni. Akasoma jedwali langu lote. Akasema ni muda mrefu hajaona kazi safi namna hii, mistari imenyooka, hata wanafunzi wa chuo hawapimi kila siku. Akamwambia Mwalimu haya ndiyo mambo. Ulikuwa wakati mtamu kuliko nyakati zote nilizowahi kuishi. Ulidumu kama dakika moja na nusu.

Kisha akaweka mkono kwenye mguu. Akashuka nao polepole ndani ya manyoya. Mkono ukasimama. Akaacha kutabasamu. Akaomba mkasi.

Babu Fundi alikuwa nao mfukoni, ule mdogo wa kukatia nyuzi. Daktari akapapasa, akaingiza ncha, akakata. Meneja alitoa mlio ambao sitauandika. Mkononi mwa Daktari mkabaki kitu cha kijivu, kimelowa, kimejaa manyoya. Lastiki yangu. Ilikuwa imezama ndani ya nyama.

Akauliza ni nani aliyefunga hii.

Nikasema ni mimi. Akasema hajasikia. Binamu akasema, kwa sauti ya ukumbi mzima: “Ni Tanbihi, Daktari!” Ndiyo mara ya kwanza nimesomwa na watu mia mbili kwa pamoja.

Daktari akauliza basi uvimbe wa siku ya kwanza, kabla ya lastiki, ulitoka wapi. Nikamwonyesha: kushoto tano na nusu, kulia sita. Akauliza nani alipima. Nikasema kushoto mimi, kulia Babu. Babu Fundi akajitetea kwamba kipimo chake hakina kasoro, alipima kama anavyopima siku zote, na nusu inchi ya nafasi akaongeza. Daktari akauliza nafasi ya nini. Babu Fundi akamshangaa. “Ya kupumulia, Daktari. Mimi simpimi mtu nguo ikambana. Ndiyo maana hawanirudishii.”

Nikapiga hesabu ingawa sikutaka. Sita ukitoa nusu ni tano na nusu. Siku ya Jumanne Meneja alikuwa mbwa mzima kabisa. Ugonjwa nilikuwa mimi.

Daktari alimbeba akatoka naye mbio. Babu Fundi akafuata na kitambaa cha satini mkononi. Daktari alisema damu ilikuwa haifiki vidoleni, na kama haitarudi mpaka kesho asubuhi, mguu itabidi ukatwe. Alisema hivyo mbele ya Babu Fundi. Babu Fundi aliingia garini bila kunitazama.

Mwalimu alikimbilia dirisha la gari kuuliza mshindi ni nani. Daktari akasema mpeni yeyote ambaye hajafunga kitu.

Ndipo yai moja la Binamu likapasuka. Moja tu kati ya kumi na mawili, kikatoka kifaranga chepechepe kisicho na shukrani, mbele ya watu wote waliobaki. Wakashangilia. Nafasi kaipata Binamu.


Jumapili, 9 Juni

Sikungoja kuamshwa. Nilikuwa nje ya kliniki kabla haijafunguliwa. Nikapita mlangoni mara nne. Ya tano dada wa mapokezi akatoka, akanishika mkono wa shati, akaniingiza kama mbuzi.

Mguu haukatwi!

Vidole vimepata joto. Kuna kidonda kimezunguka mguu wote kama pete, na kucha mbili huenda zikadondoka, lakini mguu upo. Daktari akasema siku moja zaidi angeukata. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba mgonjwa hutangulia, kitabu hufuata, na kwamba mtu akiwa na shaka anafungua mdomo anauliza. Na mdomo ninao, ameuona. Nikatikisa kichwa kukubali. Sijawahi kukubali kitu kwa moyo wote namna ile.

Babu Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, shati jeupe lilelile la jana, limekunjamana. Nikampa shikamoo. Akaitikia. Nikamwomba radhi. Ilibidi niombe mara mbili, ya kwanza haikusikika.

Akasema siku tatu nzima amekuwa akimuaga mwenzake. Amemwambia mambo ambayo hata marehemu mkewe hakuyajua, mengine hasa kwa sababu yanamhusu mkewe. Akayasema yote, akijua yanakwenda kuzikwa. “Sasa mwenyewe huyo, mzima. Ananitazama. Ninakaa vipi na mtu anayenijua hivi?”

Nikasema Meneja hawezi kusema. Akasema wewe humjui Meneja.

Kisha akapangusa macho, akasema kidonda kitaoshwa hapa kliniki kila siku kwa wiki tatu, mgongo wake haubebi tena mbwa, kwa hiyo nijue kazi yangu. Saa nne kamili asubuhi. Nisichelewe.

Niliinama nimwombe radhi na Meneja. Akanusa mkono wangu. Akageuza uso ukutani.


Jumatano, 12 Juni

Likizo siku ya tatu. Nambeba Meneja kila asubuhi. Ni mzito kuliko anavyoonekana na anapumua sikioni mwangu kwa makusudi. Leo ameuweka mguu chini, akakanyaga, hatua nne! Babu Fundi amerudi kwenye cherehani. Sare za kwaya zinatoka, ingawa anashona akimpa Meneja mgongo.

Binamu alianza kazi Jumatatu. Dakika ya kwanza alikutana na mtoto wa mbwa mwenye umri wa wiki sita, akapanda juu ya mzani. Daktari alilazimika kumshusha, lakini kwanza akaandika uzito. Sasa amewekwa mapokezi, anawaambia watu wasubiri. Anawaambia kwa maneno mengi sana.

Mimi nimebadilika. Nimeandika maneno ya Daktari kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya na kuyapigia mstari: Tazama mgonjwa. Ukiwa na shaka, uliza.

Na kwa sababu sasa natazama, leo nimeona jambo.

Nilikuwa nimemshikilia Meneja wakati Daktari anaosha kidonda. Uso wa Daktari ulikuwa karibu kabisa na wangu. Shavu la kushoto, chini ya taya, palepale penye tezi za limfu, lilikuwa na uvimbe! Mdogo, wa duara, kama kokwa. Nikatazama bila kupepesa. Na mbele ya macho yangu uvimbe ule ukahama. Ukapita mbele ya meno, ukatokea shavu la kulia.

Uvimbe unaohama! Kitabu chote hakina kitu kama hicho. Nimepitia mpaka faharasa.

Saa nne na dakika tano: kushoto. Saa nne na dakika tisa: kulia. Saa nne na robo: mdogo zaidi. Saa nne na dakika ishirini umetoweka kabisa, na Daktari akageukia dirishani, akatoa mfukoni kikaratasi chenye rangi nyekundu, akakifungua taratibu kisilie, akatia kitu mdomoni. Dawa! Anakunywa kwa siri. Kumbe mwenyewe anajua, maskini, na hajamwambia mtu. Ana mke na watoto wawili, picha yao iko ukutani.

Chumba kilinukia nanaa. Nimeandika na hilo.

Nilifungua mdomo nimuulize. Kweli nilifungua. Lakini jambo la namna hii huwezi kumkabili nalo mtu ukiwa na takwimu za asubuhi moja. Ngoja kwanza nikusanye za wiki tatu.